Nusu Kifungo Kati ya London na Jakarta

Jumamosi, baada ya Magharibi. Joto la kukausha nguo ndani ya nyumba, na upepo hata wa kupeperusha pazia hakuna.

Assalamu alaikum wasomaji wangu, na ninyi msio Waislamu, habari zenu. Hamjambo? Watoto hawajambo? Na yule aliyeniandikia juzi kwamba mgongo unamsumbua, je, umepata nafuu? Wangu nao unauma, lakini safari hii si kwa sababu ya cherehani. Unauma kwa kuinamia dunia.

Wiki nzima nimekuwa nikipima umbali wa ndege. Mimi, fundi wa kanzu hapa Mji wa Kale, Mombasa, niliyeishia darasa la saba. Ndege nimepanda safari moja tu, nilipojaaliwa kwenda Hija, na hata hiyo nilifumba macho tangu tuliporuka mpaka tulipotua. Abiria wa pembeni yangu alidhani nimekufa, akamwita mhudumu.

Leo nimechoka lakini moyo mwepesi. Naandika kabla sijasahau, na kabla mke wangu, Mama Zuhura, hajawasimulia ninyi kwa namna yake.

Mambo yalianza Jumatatu, ilipoletwa barua ya posa.

Posa yenyewe ni ya Rukia, kitinda mimba wangu, mwalimu wa chekechea kule Ganjoni. Anayemtaka ni Nasri, kijana wa papa hapa, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Nimemshonea kanzu tangu akiwa wa kubebwa. Ana adabu, anasali, na akikusalimia anasimama kwanza. Aliyeleta barua ni ami yake, Bwana Hamadi. Ilikuwa imefukizwa udi mpaka nikapiga chafya. Akasema kwa heshima kwamba atarudi Jumamosi baada ya Alasiri kuchukua jibu, akaenda zake.

Nikaifungua mbele ya mke wangu. Nikasoma salamu, nikasoma dua, nikasoma sifa za ukoo wetu ambazo nyingine hata mimi nilikuwa sizijui. Kisha nikafika pale palipoandikwa kwamba kijana kwa sasa anafanya kazi bandarini, si bandari yetu niliyoidhania, ni ya Jakarta.

Nikaikunja.

"Mbona huimalizi?" akauliza Mama Zuhura.

"Nina kiapo," nikasema.

Akavuta pumzi ndefu, ile ya mwanamke aliyeolewa miaka thelathini na mtu mmoja.

Kiapo chenyewe ni hiki. Miaka saba iliyopita tulimsindikiza Zuhura, mwanangu mkubwa, alipomfuata mumewe London. Mnaijua desturi yetu: akisafiri mmoja, wanakwenda uwanja wa ndege thelathini. Tulijaza magari manne. Shangazi yangu alikuja na birika la kahawa na vikombe vyake, akawanywesha mpaka askari wa mlangoni. Zuhura akaingia ndani, akapunga mkono mara moja, kile kioo kikamla, sikumwona tena. Basi mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikanyanyua mkono mbele ya watu wote na kusema: "Wallahi, Rukia simwozi mtu anayekaa mbali kuliko aliko dadake!"

Shangazi akaitikia "Amin", kana kwamba nimeomba dua.

Kiapo hicho kilipata sifa mtaani kuliko kanzu zangu. Wachumba wa Lamu, wa Tanga, mpaka mmoja wa Maskati, wote kwa kiapo changu walipita. Kwa Rukia ndiko hawakupita.

Sasa huyu anayempenda yuko Jakarta. Na Jakarta iko wapi hasa, wallahi nilikuwa sijui.

Jumanne nikatoka na futi yangu ya kupimia.

Kibandani kwangu nina ramani ya dunia ukutani. Usinidhanie msomi, niliibandika kufunika pale chokaa inapodondoka. Nikaisogeza cherehani, nikapanda kigoda, nikaweka mwanzo wa futi juu ya Mombasa. Mpaka London, inchi sita na nusu na kidogo. Nikarudi, nikavuta kushoto kwenda kulia nikiipita bahari yote mpaka nikaiona Jakarta. Inchi sita kasoro.

Nikapima tena. Inchi sita kasoro.

Hapa lazima niwe mkweli, maana ukurasa huu niliuanza ili nisidanganye mahali pamoja angalau. Kiapo kilikuwa kimesalimika, Rukia aolewe na anayempenda, na mimi nilipaswa kushuka kwenye kile kigoda nikipiga kelele za furaha. Nilishuka kama mtu aliyeambiwa nguo aliyoishona ni ya kufumua.

Sikuwa nataka aende. Basi. Si Jakarta, si London, si popote ambapo siwezi kumpelekea samaki wa kupaka akiwa bado na moto.

Hata hivyo nikaenda nyumbani nikasema Jakarta iko karibu. Rukia alikuwa anakagua madaftari ya watoto wake. Niliona kalamu nyekundu inatoa alama kamili ukurasa baada ya ukurasa. Siku hiyo nadhani hakuna mtoto wa Ganjoni aliyekosa.

Jumatano asubuhi akaja Mwalimu Mutua kuchukua suruali yake. Huyu ni rafiki yangu wa miaka mingi, Mkamba, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na sasa anakaa Buxton. Suruali zake zote nazipunguza mimi. Mwenyewe husema Mungu alimpa elimu ndefu na miguu mifupi.

Akaikuta futi bado inaning'inia pale Jakarta.

"Fundi," akasema, "umeanza kuishonea dunia nguo?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa kitako juu ya marobota ya vitambaa.

"Hiyo ramani inakudanganya."

"Ramani inadanganyaje, Mwalimu? Imechapishwa."

Akanyoosha mkono rafuni akachukua kofia moja ya viua, ile ya kudarizi kwa mkono, ambayo ndiyo kwanza imekamilika. Akanipa. "Ilaze hii mezani ikae bapa kama karatasi."

Nikailaza. Ikavimba katikati. Nikaikandamiza, ikajikunja pembeni. Nikajaribu upande mwingine, ikafanya vilevile.

"Haiwezi," nikasema. "Labda niikate huku juu na kuivuta."

"Basi aliyechora ramani yako alifanya hivyohivyo. Dunia ni kofia. Alipotaka kuilaza, aliivuta kule juu kaskazini. London ameivutia mbali kuliko iliko. Jakarta iko karibu na mshipi wa dunia, ikweta, huku hakukuvutwa sana. Ndege hairuki juu ya karatasi, Fundi, inaruka juu ya kofia."

Jamani, niliona haya. Miaka thelathini nawaambia wateja kichwa hupimwa kwa kuzungushiwa futi, na leo nimekipima cha dunia nzima kikiwa bapa.

Alhamisi akarudi na ule mpira wa dunia aliokuwa akifundishia, kaubeba ndani ya kiondo kama mtu anayetoka kununua viazi. Una kibonyeo kimoja upande wa Amerika, lakini sisi hatukuwa na shughuli huko. Nikatoa uzi mweupe namba arobaini. Yeye akashika Mombasa kwa kidole gumba, mimi nikauvuta kwa juu mpaka London, nikautia alama kwa chaki. Kisha tukauzungusha mpira, nikauvuta uzi uleule kuelekea Jakarta.

Haukufika.

Ulibakisha kiasi cha nusu ya kifungo cha kanzu.

"Alhamdulillah," nikasema.

Lilinitoka lenyewe. Mwalimu akaniangalia juu ya miwani yake.

"Umefurahi, Fundi?"

"Nimefurahia elimu."

Uwongo huo nimeshautubia. Mwalimu akauzungusha mpira wake polepole, akaurudisha kwenye kiondo. Suruali akaisahau.

Mchana, tukiwa tunakula, nikatoa tangazo. Nikaeleza habari ya kofia, nikaeleza habari ya uzi, nikaonyesha na ule uzi wenyewe wenye alama ya chaki, kama hakimu anayeonyesha ushahidi. Rukia alisikiliza mpaka mwisho. Mkononi alikuwa na tonge, hakulipeleka mdomoni.

"Nusu kifungo, Baba?"

"Nusu kifungo, mwanangu."

"Cha kanzu au cha koti?"

"Cha kanzu."

"Sawa, Baba."

Akainuka akaenda kuosha sahani. Aliosha zilizotumika, kisha nikasikia akiosha na zisizotumika. Mama Zuhura hakusema chochote. Mama Zuhura akinyamaza, mpaka kuku wa jirani hunyamaza.

Chakula sikukimaliza.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, nikamfuata Maalim nje ya msikiti. Ni imamu wetu, tena tulisoma chuo kimoja cha Qur'ani utotoni, kwa hiyo hanionei haya wala simwonei. Nikamweleza yote, na ule mpira wa Mwalimu.

"Jambo dogo," akasema. "Ukiapa kisha ukaona la kheri zaidi kuliko ulilolishikia kiapo, fanya lile la kheri na utoe kafara. Lisha masikini kumi au uwavishe. Wewe fundi. Washonee kanzu kumi, mambo yaishe."

"Lakini Maalim, watu thelathini walinisikia."

"Na hao thelathini ndio watakaoolewa?"

Nikakuna ndevu.

"Nikuulize," akasema, akiwa ameshavaa kiatu kimoja. "Unakipenda hicho kiapo, au hutaki mtoto aende?"

Akavaa na cha pili akaondoka. Mimi nilibaki pale natafuta kandambili zangu, na zilikuwa miguuni.

Swali lilinifuata mpaka Makadara nilikokwenda kununua vifungo, likarudi nami. Jibu nilikuwa nalo, ila sikutaka kulisikia kwa sauti yangu mwenyewe. Nilijiambia kiapo ni kiapo, mwanamume husimamia neno lake. Ni raha sana kujiona mcha Mungu pale ucha Mungu unapokwenda sambamba na unalolitaka.

Leo ikawa Jumamosi.

Asubuhi nikajipangia maneno ya kumwambia Bwana Hamadi. Maneno mazuri, ya kumkatalia mtu huku akidhani amekaribishwa. Mchana nilikuwa bado nayarudia mbele ya kioo, Mama Zuhura akaja kusimama mlangoni na kikapu chake cha sokoni.

"Baba Zuhura. Zuhura anakaa wapi?"

"London."

"Ule mzigo wa viungo wa Ramadhani, anwani uliiandika nani?"

"Mimi."

"Uliandikaje?"

Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa: MANCHESTER.

Zuhura alihama London mwaka wa tatu huu. Ninajua. Namuombea dua kila siku akiwa Manchester. Ila kwenye kiapo changu alibaki London, amesimama nyuma ya kile kioo cha uwanja wa ndege, anapunga mkono.

"Ulilijua hili tangu Jumatatu?" nikamuuliza.

"Tangu Jumatatu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja umalize kupima."

Nikampigia Mwalimu Mutua. Akasema mpira hautoshi kwa tofauti ndogo kama hiyo, atatafuta hesabu kamili kwenye simu. Nikanywa chai kikombe kimoja, nikajimiminia cha pili, simu ikaita.

"Fundi, umekaa?"

"Nimekaa."

"Kutoka hapa kwa anga, London ni kilomita elfu saba na mia mbili na kitu. Jakarta ni elfu saba na mia nne na kitu. Sasa sikiliza. Manchester nayo ni elfu saba na mia nne na kitu, lakini kitu chake ni kikubwa kuliko kitu cha Jakarta."

"Kwa kiasi gani?"

"Hakifiki kilomita hamsini."

Hamsini! Hapa na Takaungu. Ni masafa ambayo hata sala huifupishi, unaisali kamili kama uliyeko nyumbani kwako. Binti yangu alikuwa anaolewa kwa tofauti isiyomfanya mtu hata kuwa msafiri.

Nikasema, "Imepita!" Mama Zuhura akapiga kigelegele kimoja kirefu, kikapokewa na mama wa ghorofa ya juu ambaye hakujua ni cha nini. Rukia akatoka chumbani mbio, jicho moja limetiwa wanja na jingine bado. Akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali. Akacheka akiwa analia, au akalia akiwa anacheka, ule wanja ukaanza safari yake shavuni.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye bahati.

Lakini mimi, kwa furaha, nikasema tumpigie Zuhura naye afurahi. Tukampigia kwa picha. Akatokea, kajifunga mtandio wa sufi, nyuma yake makaratasi na maboksi. Nikamwambia, "Mwanangu, Allah akubariki kwa kukaa Manchester!"

"Amin Baba," akasema. "Lakini si nilimwambia Mama? Mwezi ujao tunahamia Birmingham. Ndiyo hapa nafunga mizigo."

Nikamgeukia Mama Zuhura. Akawa anaangalia dari.

"Usimpigie Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini.

Nikampigia Mwalimu.

Nikamsikia akibonyeza bonyeza. Kisha akasema, kwa upole kama daktari: "Birmingham iko huku kwetu zaidi, Fundi. Jakarta inaizidi. Si kwa mengi, lakini inaizidi." Halafu akaongeza: "Mwambie huyo binti yako asifunge boksi jingine mpaka wageni waondoke."

Kwenye ile simu nyingine Zuhura alikuwa bado yupo, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Baba," akasema. "Kwani mimi ndiyo kipimo?"

Nikaisogeza simu karibu.

"Yaani mimi nikipata nyumba ya bei nafuu, Rukia haolewi? Na nikihamia Skotilandi je, aolewe na wawili?"

Mama Zuhura alicheka, akajiziba mdomo kwa leso. Lakini Zuhura hakuwa anacheka. Akasema, "Baba, mimi siku ile nilijua unalia. Nilikuona kupitia kioo. Sikujua kama umeshaniwekea mdogo wangu rehani."

Hilo lilinichoma, wasomaji wangu. Linanichoma hata sasa nikiliandika.

Nikaagana naye. Saa ilikuwa tisa na dakika. Bwana Hamadi anakuja baada ya Alasiri. Nikaenda chumbani kwa Rukia, nikabisha hodi kama mgeni. Alikuwa ameketi kitandani anafuta wanja kwa kitambaa. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikakaa chini, kwenye mkeka. Ni mara ya kwanza tangu utoto wake kukaa chini naye juu.

Nikamwambia, "Mwanangu, si kiapo. Ni mimi. Nilipima kwa futi Jakarta ikatoka karibu, nikahuzunika. Nilipima kwa uzi ikatoka mbali, nikamshukuru Mungu. Nilikuwa nautafuta mji utakaonipa ruhusa ya kukukataza."

Akaendelea kufuta jicho lake.

"Najua, Baba," akasema.

"Tangu lini?"

"Hukuwahi kunihesabia nusu ya kifungo maishani. Nguo zangu zote umeniachia inchi mbili za kukulia. Hata sasa, Baba, nina miaka ishirini na saba, bado unaniachia."

Nilicheka, nikasikia machozi yameshafika ndevuni. Nikamuuliza anamtaka kweli. Akasema anamtaka. Nikamuuliza je, angekaa naye Mtwapa vilevile? Akasema angekaa naye Mtwapa, angekaa naye Jakarta, na kama kazi ingekuwa mwezini angekaa naye mwezini, ila mwezini nisipeleke uzi.

Basi nikatia udhu, nikaenda kusali Alasiri, na katika sijda ya mwisho nilikaa mpaka mtu wa pembeni akanigusa kisigino.

Bwana Hamadi akaja na wazee wawili, wamejipaka mafuta mazuri. Tukaketi, tukaulizana hali mara tatu kama inavyopasa. Kahawa ikapita. Nikakohoa ili nianze, akaniwahi.

"Bwana Fundi, kabla hujasema. Sisi habari tumezipata. Mji huu hauna ukuta."

"Habari gani?"

"Za nusu kifungo."

Nilitamani zulia linimeze.

"Basi tumekaa na kijana kwenye simu jana," akaendelea, kwa uso mkavu kabisa. "Anasema Jakarta ni kubwa. Ana rafiki anayekaa upande wa magharibi ya mji, upande wa kuelekea huku kwetu. Yuko tayari kuhamia huko. Atakuwa anatoka nyumbani baada ya Alfajiri ndipo afike kazini. Amepima mwenyewe kwa simu. Anasema itapunguza kilomita ishirini na tano, na kama haitoshi atasogea tena mpaka ufukweni."

Mmoja wa wale wazee akaongeza, "Zaidi ya hapo, bwana, ni kuogelea."

Ndipo nikaona aibu yangu yote kwa ukubwa wake. Kijana mzima, na kazi yake ya heshima, yuko tayari kusukumana kwenye mabasi asubuhi na jioni miaka yote ya ndoa yake ili mzee mmoja wa Mji wa Kale asifumue mshono wa maneno aliyoyasema akilia.

Nikasema, "Bwana Hamadi, mwambie akae karibu na kazi yake. Arudi nyumbani mapema. Rukia hapendi kula peke yake."

Akaniangalia asielewe.

"Jibu ni ndiyo," nikasema. "Kiapo nimekivunja, nakivunja mbele yenu, na kafara nitaitoa."

Kigelegele cha Mama Zuhura nyuma ya pazia kilitoka kabla sijafunga mdomo. Nadhani alikuwa amekishika tangu kile cha Manchester.

Kwa hiyo sasa nina kanzu kumi za kushona, na kila moja nataka iwe ya kitambaa kizuri na kasida, ile tarizi ya shingoni, kama ninavyomshonea bwana harusi. Maalim atanitajia wanaostahiki, na kila mmoja nitamwendea mwenyewe kumchukua vipimo. Naanza Jumatatu, Mungu akipenda.

Nakiri kwamba moyo haujatulia wote. Nimeangalia kwenye simu, nikaona kule wametutangulia kwa saa nne. Nikiwa mimi nanyanyuka kwa Alfajiri, Rukia ameshafua, ameshapika, labda ameshanisahau nusu. Nasema tu. Najua hatanisahau.

Ndiyo maana nina ombi kwenu. Kama yupo msomaji aliyewahi kukaa Jakarta, au mwenye ndugu huko, tafadhali aniandikie hapa chini. Nataka kujua mbaazi za nazi zinapatikana au afungiwe kutoka hapa. Nataka kujua adhana inasikika mpaka ndani ya nyumba au mtu anategemea saa. Na mvua zao, wanasema ni kubwa, je, zinaingia ndani? Kwa umbali msiniandikie, huo ninao. Niambieni tu mtoto wa watu anaishije huko.

Nijibuni upesi, ndugu zangu. Hata kwa maneno mawili. Nangoja.